Amri Iliyoishia Mlimani

Juzi nilikuwa saluni hapa Karatu, kichwa kimeingizwa kwenye drayer, nikawaona ninyi vijana mmeizunguka simu moja. Kwenye simu walikuwamo wanajeshi wa nchi fulani ya mbali, wamesimama kwenye televisheni ya taifa lao, mmoja anasoma karatasi, wengine wamenuna nyuma yake. Wameiondoa serikali iliyopigiwa kura. Mkashangilia. Msusi wangu, Neema, aliziacha nywele za mteja mwingine akapiga makofi na mikono yake ya mafuta. "Safi sana! Wanasiasa wamezidi!" Halafu akakumbuka mimi nilifanya kazi gani. Akainama mbele yangu, akapaza sauti: "Mama Fausta, si ni haki yao? Wewe ulikuwa mwanajeshi, hebu tuambie!"

Sikujibu. Ukiwa ndani ya ile mashine huwasikii watu mpaka wapaze sauti, na kujibu ni kazi. Joto likanichukua, nikasinzia, na usingizini nikarudi mlimani kwenye ukungu, nimevaa hedifoni. Nilipoamka mlikuwa mmeshahamia kwenye video ya harusi. Basi jibu langu ni hili, Neema, nimeliandika, na wenzako walisome.

Nilikuwa mtu wa redio jeshini. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumlenga mtu bunduki. Kazi yangu ilikuwa kupokea maneno upande huu na kuyapeleka upande ule bila kuyaharibu. Mnaweza kudhani ni kazi rahisi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikaribia kufukuzwa kwa sababu ya kondoo.

Tulikuwa tunajenga daraja kwenye njia ya Wasso. Fundi akaniletea ombi la vifaa nilisome redioni, nami nikalisoma haraka haraka, mvua inapiga bati: nondo thelathini. Aliyekuwa upande wa pili aliandika alichosikia. Siku ya tatu lori likafika na kondoo kumi na wawili hai, na barua ya mhifadhi bohari: "Waliobaki wanatafutwa mnadani." Daraja lilichelewa. Tulikula vizuri sana.

Aliyeniokoa siku ile ni Sajinitaji Hhando, mkuu wangu wa mawasiliano, Mwiraqw mwenzangu wa Mbulu, mtu mrefu mwenye sauti laini kama mwalimu wa kwaya. Alimwambia kamanda kosa ni lake, hakunifundisha. Kisha akanikalisha juu ya kreti ya betri akanifundisha. Bonyeza kitufe, vuta pumzi moja, ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linamezwa. Usipige kelele, sauti ya juu hupasuka njiani. Kwenye unyevu kivalishe kipaza sauti soksi, soksi safi, binti, nimeshavuta harufu za kutosha. Mwombe mwenzako akusomee alichoandika, neno kwa neno. Ujumbe usioeleweka usiutume, uliza. Na kila ujumbe lazima uwe na mwenyewe: nani ameutoa, kwa mamlaka gani, unakwenda kwa nani, saa ngapi. "Ujumbe usio na mwenyewe ni kelele," alisema.

Nilimpenda mzee yule kama baba. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Hhando ndiye aliyesimama upande wangu siku ya harusi yangu, na ndiye aliyenitafutia uhamisho nirudi karibu na nyumbani mtoto wangu alipougua. Nayasema haya mapema ili mjue ilivyokuwa vigumu.

Sasa, siku hizi mnatuma kwa kidole gumba. Ujumbe unafika kwa watu mia tano kabla hata mmoja hajausoma hadi mwisho, kisha mnangoja tiki mbili za bluu. Sisi tulingoja sauti. Kituo changu cha mwisho kilikuwa juu kabisa, ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro, mahali ambapo upande mmoja unaona mashamba ya Karatu yamekatwa vipande vipande kama kitenge cha viraka, na upande mwingine huoni kitu, ni weupe tu. Ukungu ulipanda kutoka kreta asubuhi, ukapita kati ya miti yenye ndevu za kuvu, ukaingia ndani ya hema, ukakaa na mimi. Nyati walikohoa karibu nisiwaone. Katika hali ile sauti za redioni zilikuwa kama za watu waliokufa zamani au ambao hawajazaliwa. Mtu anakwambia "nahitaji misumari", na unahisi ameyasema ndani ya kichwa chako. Mpaka leo, nikilala mchana, huwasikia. Wanaomba misumari, saruji, dawa ya kuhara. Nawajibu. Mume wangu ameshazoea.

Masika ya mwaka ule yalikuwa yamebomoa barabara kila mahali. Jeshi likaombwa lisaidie. Platuni ya kwanza ilishuka bonde la Mang'ola kujenga daraja ili malori ya vitunguu yapite. Hawa hawakuwa na bunduki, walikuwa na sururu na mashine ya kuchanganya zege. Platuni ya pili ilikuwa inafungua njia ya Kakesio, na hao walikuwa na silaha, kwa sababu huko unachimba mtaro simba anakuangalia. Mimi nilikuwa katikati, juu. Mnara wa simu bondeni ulikuwa umekufa tangu mafuriko, na redio za chini hazikuweza kuongea zenyewe kwa sababu ya milima. Kila neno lilipitia kwangu. Hhando alikuwa bondeni na platuni ya kwanza. Luteni mmoja kijana, mchapakazi, mwenye hasira za karibu, ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi ile.

Kijiji walichokaa, jina naliacha, kilikuwa na serikali yake ya kijiji: mwenyekiti na wajumbe waliochaguliwa na wananchi. Mwenyekiti aliitwa Daudi. Nawaambieni kweli, hakuwa kiongozi mzuri. Zamu za maji ya mfereji aliwapa ndugu zake kwanza. Mashamba ya wajane yalikauka huku ya shemeji zake yanaelea. Na wanajeshi hakuwapenda. Aliwaambia wachote maji saa moja tu kwa siku, tena baada ya ng'ombe.

Jumatano moja mpishi wetu, Koplo Saidi, maharage yakiwa jikoni na maji yamekwisha, alikwenda mferejini akafungua lango nje ya zamu. Mgambo wa kijiji walimkuta. Saidi alikuwa mtu wa watu, mcheshi, ambaye adui yake mkubwa alikuwa kuni mbichi. Walimpiga na mipini ya majembe. Meno mawili ya mbele yakatoka. Kisha mwenyekiti akaamuru afungiwe ofisini mpaka atakapokuja askari polisi kutoka Karatu, ambaye kwa barabara ile angefika kesho yake au keshokutwa.

Habari zilinifikia saa nane mchana. Ukungu siku ile haukuondoka kabisa. Mwenzangu wa kituo alikuwa ameshuka Karatu kung'olewa jino. Nilikuwa na mama mmoja wa Kimaasai, Yeyo Nashipai, aliyeleta maziwa kila siku na kusimama kwenye uzio mpaka nimrudishie galoni lake. Redio ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Hhando, lakini haikuwa laini.

"Mlima, Mlima, hapa Bonde. Andika. Ova."

"Bonde, nakupata. Tayari. Ova."

Nikaandika: Platuni ya pili ishuke Mang'ola mara moja na silaha na risasi. Izingire ofisi ya serikali ya kijiji. Mwenyekiti na wajumbe wote wakamatwe, waletwe kambini. Ofisi ifungwe.

Nikamsomea neno kwa neno, kama alivyonifundisha. Nilipofika kwenye "risasi" sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Sawasawa," akasema. "Tuma. Ova."

"Afande, nani ametoa?"

"Luteni."

"Kwa mamlaka gani? Makao makuu wanajua?"

Mkwaruzo tu, kama mtu anapepeta mahindi. Kisha akaja luteni mwenyewe, nikasikia kipaza sauti kikipokonywa. "Wewe Sajenti! Serikali ya kijiji imelipiga jeshi. Jeshi linajibu. Tuma ujumbe!"

"Afande, ile ni serikali iliyochaguliwa. Aliyempiga koplo ashitakiwe polisi. Sisi hatuna..."

"Nimekuuliza maoni?"

Hapo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo lilipo swali la Neema. Alichokisema luteni kilikuwa na ukweli ndani yake. Saidi alikuwa amepigwa bila haki. Mwenyekiti alikuwa mbabe. Hasira ilikuwa na sababu. Na mimi mwenyewe, nikimfikiria Saidi, niliyewahi kula pilau yake ya Krismasi, nilitamani mtu amkunje yule Daudi. Lakini mafunzo tuliyopewa sote, tangu kuruta, yalikuwa wazi: amri halali hutiiwa, na ukiamriwa kutenda kosa, hujaamriwa kitu. Kosa la mgambo lina polisi na mahakama. Kosa la mwenyekiti lina mkutano wa kijiji na sanduku la kura. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanajeshi akikasirika anaweza kwenda kuifunga serikali ya watu kama duka. Ukubwa wa serikali haubadilishi jambo. Awe rais, awe mwenyekiti wa kijiji mwenye ofisi ya chumba kimoja na kabati lenye mlango mbovu, aliwekwa pale na waliopanga foleni.

Hhando akarudi redioni. Safari hii aliongea Kiiraqw, jambo ambalo alituonya miaka yote tusilifanye hewani. Aliniita binti yake. Aliniambia, kwa ufupi, mimi ni mtu wa redio, si hakimu. Mfikishaji hana dhambi. Tuma, yatakayotokea yatakuwa ya luteni. "Usiniaibishe, Fausta."

Nilitazama karatasi. Nilijua platuni ya pili wakishuka, vijana wale wenye silaha, wamechoka, wamesikia mwenzao kang'olewa meno, na wanakijiji wamesimama na majembe, hakuna atakayeweza kuwarudisha kwa redio. Mtu akishalala chini hainuki kwa kurudiwa ujumbe.

"Mwanangu," Nashipai akaita kutoka kwenye uzio, "galoni!"

Nikamwambia angoje. Akasema ng'ombe hawangoji. Nikatoka na lile galoni, sijaliosha, nikampa. Akanusa shingo ya galoni, akanitazama usoni. Hakuondoka. Aliweka mkono wake kwenye waya wa uzio karibu na wangu, tukasimama pale kitambo, watu wawili na ukungu.

Nikaingia ndani. Sikutuma kwa platuni ya pili. Nilibadili masafa, nikawaita makao makuu, nikaomba kuongea na Meja mwenyewe, mkuu wa kikosi chetu. Nikamsomea ujumbe kama ulivyo, bila kuongeza, bila kupunguza, na nikamaliza: "Naomba uthibitisho, afande. Ova." Nilisikia anakohoa. Kisha akasema, polepole, ili niandike: "Haujathibitishwa. Platuni ya pili isisogee. Mwambie Luteni arudi kwenye daraja lake. Mimi nakuja."

Nikamwita Bonde. Hakujibu. Nikaita mpaka sauti ikakauka.

Hakujibu kwa sababu walikuwa wameshaondoka. Luteni, akiona silaha haziji, alichukua wanaume kumi na fimbo wakaenda kwa miguu. Hhando alikwenda nao. Waliyonisimulia baadaye waliokuwepo ni haya: mwenyekiti Daudi, pamoja na ubabe wake wote, hakukimbia. Aliketi nyuma ya meza, akawasukumia kitabu cha wageni. "Andikeni majina, mnakotoka, na shughuli iliyowaleta." Askari watatu waliandika kweli, kwa mazoea. Luteni akakipiga teke kitabu. Katika purukushani Daudi alivunjwa mkono wa kulia. Saidi, ambaye ndiye waliyemfuata, alitoka chumba cha nyuma, mdomo umevimba kama andazi, akajilaza juu ya mwenyekiti akapiga kelele, "Basi! Basi jamani! Maharage yangu tu!" Mtu mmoja akacheka, bila kutaka. Wakasimama. Wanakijiji walikuwa wameshajaa nje na majembe. Kama kungekuwa na bunduki hata moja mle ndani, nisingekuwa nawaandikia habari yenye kicheko.

Hhando alitoka mlangoni kwanza, mikono juu, akawaambia wanakijiji kwa Kiiraqw kwamba wanaondoka. Wakapishwa.

Baada ya hapo yakaja mambo ya karatasi. Luteni alifikishwa mahakama ya kijeshi, akavuliwa cheo. Mgambo waliompiga Saidi walipelekwa mahakama ya mwanzo kama raia wengine. Mimi nikaitwa kwenye baraza la uchunguzi. Kapteni mmoja mwenye miwani aliniuliza, "Sajenti, wewe ni nani hata uamue amri ipi halali na ipi si halali?"

"Sikuamua, afande. Niliuliza."

Akaandika. "Na kama Meja angesema tuma?"

Nikasema, "Nisingetuma, afande." Akaandika na hilo. Lakini ninyi si baraza, kwa hiyo nawaambia: sijui. Usiku na mchana nimejiuliza, na sijui. Nilikuwa na bahati ya kuwa na Meja mwenye akili. Wanajeshi wale wa kwenye simu yenu, labda mmoja wao aliuliza, na juu yake hakukuwa na mtu wa kusema hapana.

Hatimaye nilipewa onyo la maandishi. Mnajua la nini? Sikuandika saa kwenye daftari la ujumbe. Mstari ule upo wazi mpaka leo.

Hhando alistaafishwa kabla ya wakati wake. Mbele ya baraza alisema kila kitu kama kilivyokuwa, hata maneno ya Kiiraqw aliyatafsiri mwenyewe, hata lile la aibu. Hakujitetea. Tulipishana kwenye korido, nikamsalimu kwa Kiiraqw, "Saita, baba." Akapita.

Ilipita miaka kabla sijathubutu kwenda Mbulu. Mke wake alinipokea, akaniwekea uji wa mtama, akaenda kumwita shambani. Alikuja, amekonda, akaosha mikono taratibu sana. Tukaongea mvua. Tukaongea viazi. Nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani, na pale akasema, bila kunitazama: "Ningekuwa mimi kwenye kile kiti, ningetuma."

"Najua, baba."

"Ndiyo maana nakuambia." Basi dogo likaja. Akaninyanyulia mfuko wangu wa viazi alionipa, akauweka mwenyewe juu, akahakikisha umefungwa.

Sasa nimestaafu na mimi. Mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa nilishuka Mang'ola kununua vitunguu vya mbegu. Sikupanga siku. Nikakuta kijiji kile kimejaa watu mbele ya ofisi, kura zinahesabiwa, msimamizi anachora vijiti kwa chaki kwenye ubao wa shule ulioegemezwa ukutani. Nikasimama nyuma na kikapu changu. Vijiti vya mama mmoja, mjane, viliendelea mpaka vikaanza mstari wa pili, wa tatu. Vya Daudi vilisimama mapema.

Watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyemgusa. Daudi aliinuka, akaingia ofisini, akatoka na muhuri wa kijiji, kidau cha wino na funguo mbili. Alivibeba kwa mkono wa kushoto. Akamkabidhi yule mama mbele ya watu wote, akasema, "Huu mdogo ni wa kabati, lakini kabati halifungi." Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo. Akaja kuketi kwenye benchi niliposimama. Hakunijua. Tulikuwa hatujawahi kuonana uso kwa uso.

"Umepiga kura, mama?"

"Mimi si wa hapa. Natokea Karatu."

"Basi umefuata nini?"

"Vitunguu."

Akasogea, akanifutia vumbi kwenye benchi kwa kofia yake. "Kaa kwanza," akasema. "Wenye vitunguu wote wako kwenye foleni, wanasaini karatasi ya matokeo."